Kumi za Mwisho

Jumatatu, 11 Januari 1988

Shule imefunguliwa. Vumbi la upepo wa harmatani limejaa kila mahali, midomo imenipasuka, na chaki inakatika kabla haijagusa ubao. Bwana Sagoe, mkuu wa idara yetu ya Kiingereza, amenipita kwenye baraza akiwa na suti mpya ya kaki.

"Madam Araba! Heri ya mwaka mpya! Mbona umenenepa hivyo?"

"Heri na kwako, Bwana Sagoe. Daftari langu?"

"Liko nyumbani, dada yangu. Wiki hii hii utalipata."

Ni wiki hii hii tangu Oktoba, alipoliazima. Siku ya Krismasi alinijia nyumbani mikono miwili imebeba kopo la biskuti. Nikadhani ni daftari limefungwa kwa karatasi nzuri.

Jumanne, 12 Januari

Sikulipata.

Alhamisi, 14 Januari

Naandika haya kabla sijavua viatu.

Mchana Anti Mansa, mpiga chapa wa shule, aliniita ofisini kwake. Alifunga mlango, akanionyesha lundo la stensili, zile karatasi za nta za kurudufia, alizokwisha kuzipiga. Ya juu kabisa ilikuwa ya jalada: Vitenzi vyenye Shamirisho Mbili, kimetungwa na E. K. Sagoe.

"Soma ya pili," akasema.

Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Sentensi ya kwanza: Efuwa alimletea mama mkate wa Lagos. Efuwa ni dada yangu. Mama ni mama yangu, amelala makaburini Saltpond hapa hapa. Sentensi ya pili: Serikali iliwapa wageni wiki mbili. Hiyo niliiandika Februari ya themanini na tatu, usiku uleule Efuwa aliposhuka kwenye lori akitoka Nigeria walikotufukuza, na sufuria moja na godoro lililolowa. Ya tatu, baba alimnyima Ato ruhusa. Ato alikuwa anioe mimi.

Zote ni zangu, kwa mfuatano wangu, mpaka koma. Miaka kumi na miwili nimeandika lile daftari. Wengine hufundisha somo hili kwa kumtaja John na Mary na mpira wao. Mimi nilijiwekea sharti: siandiki mfano wa jambo ambalo halijatokea. Nimpe mtoto sentensi ambayo ndani yake kweli mtu alimpa mtu kitu. Maana hilo ndilo ninalolipenda katika vitenzi hivi, kwamba ndani ya sentensi moja fupi kuna watu wawili na kitu kati yao, na ugomvi wote wa hapa duniani umo humo. Kutoa, kupeleka, kuahidi, kunyima, kuonyesha, kuonea wivu. Kitenzi kimoja tu, ukurasa wa arobaini na moja, sijawahi kukipatia mfano. Ni kusamehe. Nilichora mstari, nikauacha mtupu, nikisubiri siku itakayonipa sentensi ya kweli.

"Kuna kampuni ya vitabu Accra, alishawaonyesha lile daftari nao wakamsifu," Anti Mansa akaniambia. "Mtu wao anakuja Siku ya Zawadi, mwezi wa tatu. Wakikipenda, kitakwenda shule zote za nchi. Na jina lake juu."

"Nawe unampigia chapa?"

"Mimi napiga ninacholetewa, mwanangu. Ndiyo maana nimekuita."

Ijumaa, 15 Januari

Nimemkabili Sagoe katika chumba cha walimu, mbele ya watu. Nilisema, "Bwana Sagoe, sentensi zangu zimefikaje kwenye kitabu chako?"

Hakuona hata haya. Aliendelea kumenya chungwa lake. "Zako? Kiingereza ni cha babu yako? Hata Mwingereza mwenyewe hadai, sembuse wewe wa Saltpond!"

Watu wakacheka. Walicheka, na nimeandika majina yao nyuma ya shajara hii.

Nikaenda kwa Mkuu wa shule. Akanipa kiti, akanipa maji, akaniambia nifurahi, shule itapata jina. Nilipotoka, Sagoe alikuwa ananingoja barazani, amelainika kama siagi ya juani. "Madam, tusigombane. Kitabu kinahitaji mazoezi, sentensi mia moja, darasa liziimbe mbele ya wageni. Hakuna azitungaye kama wewe. Nitakutaja kwenye shukrani."

Nikamtazama. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika chaki nilipoajiriwa, aliyekaa nyuma ya darasa langu wiki nzima akinisahihisha kwa upole. Nilitaka kumtemea mate kwenye suti yake ya kaki.

"Nitakutungia," nikasema. "Mia kamili."

Jumatano, 20 Januari

Sentensi kumi na mbili. Vumbi.

Jumatatu, 25 Januari

Thelathini. Zote safi na tamu, mtu wa Accra atazipenda. Chambo lazima kiwe kitamu.

Jumanne, 2 Februari

Nimefika tisini. Sasa zimebaki kumi, na hizo kumi ni zangu.

Namjua Sagoe. Nimemtazama miaka kumi na miwili. Akipata mgeni, mkaguzi au askofu, hufanya jambo moja lilelile. Darasa husimama, yeye hutaja namba, watoto huimba sentensi kwa sauti moja. Kisha hunyanyua mkono, anasema, "Fungeni vitabu. Kumi za mwisho!" Watoto huimba kumi za mwisho kwa kichwa, yeye akiwaongoza kwa mikono kama mwalimu wa kwaya, mgongo kwa watoto, uso kwa wageni, anatabasamu. Ndiyo njia yake ya kuonyesha kuwa wamejifunza kitabu chote. Na nalijua jambo lake la pili: hukagua ukurasa wa kwanza tu, na mazoezi huwaachia wengine. Uvivu wake ndio utakaonifanyia kazi.

Leo nimeandika kuanzia tisini na moja. Araba alimwazima mkubwa wake daftari. Sijataja jina lake. Sina haja.

Ijumaa, 5 Februari

Zimekamilika. Nilibakiwa na pengo kwenye tisini na nane, Anti Mansa akaliziba. Yeye ndiye anayempigia Sagoe barua zake, hata zile zisizo za shule. "Amemjengea mwanamke nyumba Takoradi," alininong'oneza. "Vyumba viwili na veranda. Mtoto ana miaka mitatu."

Nikaandika: Mkubwa alimjengea mwanamke wa Takoradi nyumba. Nimeisoma mara nne kwa sauti. Ina mdundo mzuri, wasichana arobaini wakiiimba itafika hadi sokoni.

Jumanne, 9 Februari

Stensili zimekatwa. Sagoe alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, akapiga vidole. "Safi sana, Madam. Nilijua huna kinyongo."

Jumatatu, 15 Februari

Malaria. Joto limefika na vumbi limeondoka, au ni mwili wangu tu.

Jumatano, 17 Februari

Naandika nikiwa kitandani. Jana nilikuwa peke yangu, Efuwa amekwenda Mankessim sokoni, nikasikia mtu anabisha. Alikuwa Maame Aba, mke wa Sagoe. Hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu ya kanisani. Alibeba chungu kichwani, amekifunika kwa sahani.

"Nimesikia u mgonjwa. Supu ya karanga. Kaa, usiinuke."

Aliniinua yeye, akaniwekea mto mgongoni, akanilisha vijiko vya mwanzo kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa na samaki mkavu na pilipili nyingi, nikatokwa jasho mpaka shuka likalowa. Alilibadilisha shuka.

"Mume wangu anakusifu," akasema. "Anasema unamsaidia sana na kile kitabu. Maskini, anajichosha! Kila jioni ananakili kutoka daftari lake la zamani. Mwandiko wake wa ujana ulikuwa mzuri hivyo, sikuwahi kujua."

Nilikuwa na kijiko mdomoni. Nilimeza.

"Analiweka wapi?" nikauliza.

"Ndani ya sanduku la nguo za harusi yetu. Analithamini."

Leo amekuja tena na chungu kingine. Nimempenda, na nimechukia kumpenda. Nikifumba macho nasikia wasichana arobaini wakiimba tisini na nane, na yeye amekaa benchi la wanawake amevaa kitambaa chake cha Jumapili.

Jumatatu, 22 Februari

Nimerudi kazini, miguu bado laini. Nilikwenda moja kwa moja kwa Anti Mansa.

"Nitolee tisini na nane."

Akavua miwani. "Ile ya Takoradi? Ndiyo inayouma kuliko zote!"

"Haimuumi yeye. Inamuuma mkewe. Halafu sijaiona nyumba hiyo kwa macho yangu, na sharti langu ni..."

"Acha sharti. Ni supu. Vyungu viwili tu vimekununua, Araba Ewusi?"

"Vitatu."

Alicheka hadi kiti kikalia. Kisha akapaka ile rangi ya kufutia juu ya stensili, chumba kikanuka, tukaipulizia wote wawili mpaka ikakauka. Niliisimamia mashine nikimsomea mpya: Mke wa mkubwa alimpikia Araba supu. Ni ya kweli, tena nimeshiba nayo.

Kwa hizo nyingine tisa sikubadilisha hata herufi. Mtu asidhani nimelainika.

Alhamisi, 25 Februari

Mashine ya kurudufu imetoa nakala sitini. Vidole vyangu ni vyeusi kwa wino na sivioshi.

Jumanne, 1 Machi

Sagoe yuko Accra kwa siku tatu, ameniachia darasa lake la kidato cha nne niwafanyishe mazoezi. Mia moja, asubuhi na jioni. Joto kali, wasichana wanajipepea kwa vitabu. Kiranja wao, Baaba, alibaki nyuma wenzake walipotoka.

"Madam, huyu Araba wa kumi za mwisho, ni wewe?"

"Ni mfano tu. Mfano hauna mwenyewe."

Alikifunga kitabu chake. "Basi tutauimba vizuri, Madam," akasema. Jioni, sikumwambia mtu, lakini kumi za mwisho ziliimbwa kwa sauti kuliko zile tisini zote.

Jumapili, 6 Machi

Gwaride la Uhuru. Jua la kuua. Sagoe alinipungia mkono kutoka jukwaani.

Jumamosi, 12 Machi

Habari nzuri kuliko nilivyoomba! Sagoe, kwa kutaka makuu, amekwenda ikulu ya chifu kumwalika Nana mwenyewe aje Siku ya Zawadi. Na Nana amekubali.

Mimi nilikuwa nimeshapanga aibu ya Kiingereza tu, mbele ya mtu wa Accra na wazazi waliosoma. Lakini Nana haambiwi neno moja kwa moja. Kila kinachosemwa mbele yake hupitia kwa msemaji wake, mzee Kwa Ansa, mwenye fimbo ya dhahabu, naye hukirudia kwa Kifante, lugha yetu ya hapa, kwa sauti yake inayofika hadi ng'ambo ya barabara. Wauza ugali wa dokono wa getini wataelewa. Mama wachuuzi wa samaki wataelewa. Nimekaa uani nikicheka peke yangu, Efuwa akaniuliza kama homa imerudi.

Ijumaa, 18 Machi

Kesho ndiyo Siku ya Zawadi. Saa nane Sagoe aliniita, akachukua nakala mezani, akaifungua. Akaanza kuipekua. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Nikaona kidole gumba chake kikienda kwenye wa mwisho.

"Madam," akasema, "wino umetoka vizuri." Akaifunga.

Nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka kengele.

Jumamosi, 19 Machi

Nitaandika yote, nisije nikasahau hata tone moja la jasho.

Walipanga viti uwanjani chini ya turubai. Nana alikaa katikati na mwavuli wake, mzee Kwa Ansa kushoto kwake na fimbo, mtu wa Accra kulia, kijana mwenye miwani na mkoba. Maame Aba alikuwa safu ya mbele ya wanawake. Kitambaa cha Jumapili, kama nilivyokiona kwenye homa yangu. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa bahari na hewa ilikuwa nzito.

Sagoe alishuka jukwaani na suti yake. Akataja namba. Wasichana wakaimba. Mzee Kwa Ansa akarudia kwa Kifante na watu wakapiga makofi, maana hawakuwahi kusikia masomo ya watoto wao yakisemwa kwa lugha yao. Mtu wa Accra alikuwa anaandika, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Ishirini na tatu. Arobaini. Sabini na saba. Kila moja ilikuwa yangu.

Kisha mkono ukapanda. "Fungeni vitabu. Kumi za mwisho!" Akageuka, akatuonyesha meno.

"Araba alimwazima mkubwa wake daftari," wasichana wakaimba. Mzee Kwa Ansa akarudia.

"Mkubwa alimwahidi Araba daftari ndani ya wiki moja."

"Mkubwa alimnyima Araba daftari lake."

Mikono ya Sagoe ilikuwa bado inaongoza. Nadhani masikio yalikuwa hayajafika. Kwenye tisini na nne, Mkubwa aliwaonyesha watu wa Accra daftari la Araba, mkono mmoja ulisimama hewani. Mtu wa Accra akaacha kuandika. Tisini na tano, Watu wa Accra walimpa mkubwa sifa. Tisini na sita, Mkubwa alimwambia Araba uongo. Sagoe aligeuka kwa wasichana, akanong'ona, "Inatosha, inatosha." Baaba alitazama juu ya kichwa chake na kuvuta pumzi.

"Krismasi mkubwa alimletea Araba kopo la biskuti!"

Kifante cha biskuti kilipomtoka mzee Kwa Ansa, benchi la wachuuzi likapasuka kwa kicheko. Mmoja alijipiga mapaja. Nami nilicheka, nikiwa nimekaa na walimu, mbele ya wale wale waliocheka siku ya chungwa. Sasa hawakuwa wanacheka.

"Mke wa mkubwa alimpikia Araba supu." Mzee Kwa Ansa akairudia. "Araba aliwauliza wazee swali. Nani atamrudishia Araba daftari lake?"

Wasichana wakakaa. Nana aliinama kidogo, akasema jambo sikioni. Mzee Kwa Ansa akapiga fimbo chini.

"Nana anauliza, Araba ni nani?"

Sagoe alitoa leso. "Nana, shikamoo zangu ziwafikie. Ni mifano tu ya sarufi. Ndivyo Kiingereza kinavyofundishwa. Hakuna Araba, hakuna mkubwa. Ni majina tu."

Nilikwisha kuinuka nusu. Nililitambua lile neno, mfano tu, nililompa Baaba mimi mwenyewe.

Mzee Kwa Ansa akarudia, akasikiliza, akauliza tena. "Nana anasema amesikia. Lakini anauliza, hiyo supu ilikuwa supu gani?"

Watu wakacheka tena. Sagoe naye akajaribu kucheka. "Hakuna supu, Nana."

"Ya karanga."

Sauti ilitoka safu ya wanawake. Maame Aba alikuwa amesimama. Alikuwa ameteremsha kitambaa begani, ndivyo tunavyofanya mbele ya chifu, na mikono yake ilikuwa imeshikana.

"Ya karanga na samaki mkavu. Niliipika mimi. Vyungu vitatu. Araba ni yule pale aliyevaa bluu, Madam Araba Ewusi." Akamgeukia mumewe, akimtazama kama mtu anayesoma barua. "Na daftari liko nyumbani kwangu. Kumbe mwandiko si wako, Ebo."

Nana alimnong'oneza mzee Kwa Ansa. Kisha msemaji wake: "Nana anasema hatanyanyuka kwenye kiti mpaka daftari lifike."

Na Nana asiponyanyuka, hakuna anayenyanyuka. Maame Aba alikwenda peke yake, kwa miguu, dakika arobaini kwenda na kurudi. Sisi tulikaa. Watu mia tano, hakuna aliyekohoa. Sagoe alibaki amesimama katikati ya uwanja, nje ya turubai, kwa sababu hakuna aliyempa kiti. Jua lilitoka kati ya mawingu likamkuta palepale. Kaki ilianza kulowa makwapani, kisha mgongoni, kisha yote. Aliniangalia mara moja. Nilimrudishia macho yake mpaka akayashusha. Wengine wanasema kisasi hakina ladha. Mimi nilikionja dakika arobaini na sikutaka ziishe.

Daftari lilifika limefungwa kwa kitambaa cha harusi. Lilipita mkononi mwa msemaji, likafika kwangu. Mtu wa Accra alikuja mbio. "Madam, naomba niende nalo Accra, nitalirudisha wiki ijayo."

"Simwazimi mtu tena. Lisome hapa."

Akakaa kwenye benchi la wanafunzi, akasoma akiwa na mkoba magotini, hadi watu walipoanza kukunja turubai. "Tutakuandikia," akasema. Labda wataandika.

Maame Aba aliondoka bila kuniaga. Chungu chake cha tatu bado kiko jikoni kwangu.

Jumatatu, 21 Machi

Sagoe amekuja kazini. Wasichana wakimwona huimba kwa pua, "kopo la biskuti". Nimewaambia waache. Sikuwaambia kwa sauti kubwa.

Jumanne, 22 Machi

Nimekijaza chungu supu ya mawese, nikampelekea Maame Aba. Alikipokea mlangoni. "Ungeniambia siku ile ukiwa kitandani," akasema. Nyuma yake niliona sanduku la nguo za harusi limewekwa uani, limefunguliwa, linapigwa jua.

Alhamisi, 24 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha tangu adhuhuri, mabati yanapiga kelele, hewa inanuka udongo.

Nimekuwa nikilisoma daftari kurasa tano kwa siku, bila kuruka, nimsalimie kila mtu aliyemo. Mama, Efuwa, Ato. Leo nimefika arobaini na moja.

Mstari si mtupu. Sagoe ameujaza. Kwa wino wa bluu, mwandiko wake wa kulalia upande: Mwalimu alimsamehe mwanafunzi kuchelewa kwake. Mwalimu gani? Mwanafunzi gani, siku gani? Hajawahi kuwapo. Kati ya yote aliyonifanyia hili ndilo lililoniliza, kwamba aliona pengo katika kitabu cha mtu, akalijaza ili kazi iende.

Kabla sijamaliza kulia mlango ukabishwa. Alikuwa yeye, amelowa, hana mwavuli, ameshika kofia. Maji yalimchuruzika mpaka kwenye mkeka wangu.

"Madam Araba. Nimekuja kukuomba radhi. Nipe hata neno moja."

Nilimwambia angoje. Nikarudi mezani, nikachukua wembe wa kuchongea penseli, nikaanza kukwangua wino wake, herufi moja moja, taratibu. Alikuwa anasikia wembe kutoka mlangoni. Nilikwangua mpaka karatasi ikatoboka.

Nilipotazama tena alikuwa amekwenda, na mlango alikuwa ameuacha wazi. Nimeufunga. Kwenye ukurasa wa arobaini na moja sasa pana tundu la urefu wa kidole. Sitalibandika karatasi.